Sura ya Sita: Mtindo Usioogopa Masika

Tangu mwaka 2024 treni ya umeme humtoa mtu Dodoma na kumshusha Dar es Salaam kabla hazijatimia saa nne. Kwa nywele zilizopigwa pasi, hiyo ni safari ndefu kuliko inavyoonekana kwenye tiketi. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na alasiri ya Septemba unyevu wa hewa yake huweza kushuka chini ya asilimia 40. Dar iko ufukweni, na asubuhi za Aprili unyevu hufika asilimia 90 na kupita. Ndani ya behewa kuna kiyoyozi, kwa hiyo hadi Pugu kichwa bado kimetulia. Mlango ukifunguliwa stesheni ndipo mambo yanapoanza. Mizizi inainuka, ncha zinajikunja, na abiria akishuka daladala Mbagala nywele zimekuwa timtim na mwenyewe ameshaanza kumlaumu msusi wake.

Msusi hana kosa. Mafuta aliyopaka hayana kosa, wala nywele zenyewe. Ni kazi ya hewa, na watu wameijua kazi hiyo kwa muda mrefu kiasi cha kuitengenezea kifaa. Mwaka 1783 mwanasayansi wa Geneva, Horace-Bénédict de Saussure, alichapisha kitabu kuhusu upimaji wa unyevu wa hewa. Kipimo alichokibuni kilitumia unywele wa binadamu uliochemshwa ili kuondoa mafuta, ukavutwa na kizito kidogo, ukaunganishwa na mshale. Hewa ikijaa maji unywele unarefuka, hewa ikikauka unafupika, na mshale unatembea. Tofauti ya urefu kati ya hewa kavu kabisa na hewa iliyoshiba maji ni kama asilimia 2 tu, lakini ilitosha, na vipimo vya namna hiyo viliendelea kutumika katika vituo vya hali ya hewa hadi karne ya 20. Kwa upana mambo ni makubwa zaidi: unywele uliolowa hunenepa kwa takriban asilimia 15, na unaweza kunywa maji yanayokaribia theluthi ya uzito wake.

Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini. Ndani yake kuna vifungo vya aina mbili vinavyotuhusu hapa. Kuna vifungo vya haidrojeni, vingi mno na dhaifu, ambavyo maji huvifungua na ukavu huvifunga tena. Halafu kuna vifungo vya salfa, ambavyo ni vigumu na havijali maji. Pasi, chanuo la moto, draya na rola vyote vinacheza na vile vya haidrojeni. Unazilowesha nywele au unazipasha, unazivuta zikae unavyotaka, zinakauka au kupoa, na vifungo vinajifunga upya katika umbo hilo. Hewa ya masika inakuja kuvifungua tena, taratibu, bila hata tone moja la mvua kukudondokea.

Kwa hiyo mtu wa pwani akitaka kuchagua mtindo, asianze kuuliza unafanana na uso wake au umevaliwa na nani. Aulize umbo lake limeshikwa na nini. Likiwa limeshikwa na ukavu, masika italichukua. Likiwa limeshikwa na mkono, yaani na msuko, fundo, uzi au sindano, hewa haina pa kuanzia.

Chukua twende kilioni. Msusi anachora njia kwa ncha ya chanuo, anapaka mafuta kidogo kwenye ngozi iliyojitokeza, anashika fungu dogo la nywele kwenye paji na kuligawa mara tatu. Ukimtazama vidole utaona kwamba kusuka kwenyewe ni nusu tu ya kazi. Kila anapopitisha fungu la pembeni chini ya lile la katikati, kidole kimoja kinachota nywele nyingine kutoka kichwani na kuziingiza humo, kisha anabana, anasogea mbele kidogo, anachota tena. Kila hatua ya msuko imetiwa nanga kwenye ngozi. Nywele zilizo ndani zinaweza kunywa maji, kunenepa na kutamani kujikunja, ila hazina pa kwenda. Kinachobadilika ni vile vinyweleo vifupi vya juu, ambavyo baada ya siku tatu nne huchomoza na kuifanya mistari isionekane kali kama siku ya kwanza. Wengine hukimbilia kufumua kwa sababu hiyo. Mimi naona ni haraka ya bure. Vinyweleo hivyo havifungui kitu, na funga ya usiku ya kitambaa cha satini huvilaza vya kutosha.

Nywele za kipilipili zina faida hapa ambayo hazisifiwi kwayo. Mikunjo yake hushikana yenyewe kwa yenyewe, kwa hiyo msuko hautelezi hata bila jeli wala pini. Nywele za singa hazina uwezo huo. Mwanamke wa Mji Mkongwe au Lamu mwenye nywele ndefu laini akisukwa twende kilioni leo, keshokutwa mistari imelegea na kushuka. Huyo kinachomfaa ni msuko mmoja mzito unaoanzia shingoni, au miwili ikazungushwa kichwani na kubanwa kwa pini. Masika itamtibulia nywele za paji, hilo halikwepeki, lakini mzigo wenyewe utakaa.

Nywele za uzi zinafuata kanuni hiyohiyo, ila zina mtego. Uzi mweusi ukizungushwa kuanzia mzizi hadi ncha, fungu la nywele linanyooka na kusimama, na msusi anaweza kuyainamisha mafungu, kuyaunganisha juu, hata kuyafanya taji. Maadamu uzi uko mahali pake, mvua na inyeshe. Lakini siku hizi vijana wengi hufunga uzi usiku mmoja tu ili kuzinyoosha nywele bila moto, asubuhi wanaufungua na kutoka na afro iliyorefuka. Hapo umbo limerudi mikononi mwa ukavu. Kwa Iringa ni njia nzuri sana. Kwa Tanga mwezi Mei, mtu amejinyima usingizi kwa ajili ya saa mbili za kupendeza.

Rasta ndiyo mfalme wa masika, na siri yake haiko kwenye ususi peke yake. Nywele za pakiti zinazouzwa Kariakoo nyingi ni nyuzi za kiwandani za jamii ya akriliki. Maarufu kati yake ni Kanekalon, uzi uliobuniwa na kampuni ya Kaneka ya Japani katika miaka ya 1950. Nyuzi hizi hazinywi maji kama keratini inavyoyanywa. Yanayozilowesha hubaki juu yake na katikati ya uzi na uzi. Umbo lake nalo linatokana na joto la namna nyingine, kwa kuwa plastiki hulainika ikipashwa na kubaki ilivyo ikipoa. Ndiyo maana msusi akimaliza huchukua jagi la maji yaliyochemka, akazichovya ncha, akaziacha kwa sekunde chache, akazitoa na kuzikamua kwa taulo. Kuanzia hapo ncha hazifumuki tena. Kama alizizungushia rola kabla ya kuchovya, mawimbi yake yatakaa mpaka siku ya kufumua, kwa sababu hewa ya Dar, pamoja na ukali wake wote wa Februari, haina joto la kuifanya plastiki ile ibadili mawazo.

Kwa hiyo ndani ya rasta moja kuna vitu viwili vyenye tabia tofauti: nywele zako, ambazo hunenepa na kusinyaa kila siku, na nyuzi za pakiti, ambazo hazitikisiki. Vinakutana kwenye mzizi, na mzizi ndio unaobeba deni.

Kuna imani iliyozoeleka kwamba rasta zikikazwa sana ndiyo zinadumu, hasa kipindi cha mvua.

"Shikamoo mama. Naomba hapa mbele ulegeze kidogo."

"Marahaba mwanangu. Nikilegeza, wiki mbili tu zimefumuka, halafu utakwenda kunisema mtaani. Vumilia."

Mama wa namna hiyo ana nia njema, na anakosea. Kinacholegeza rasta ni ukuaji. Unywele hukua sentimita moja na kidogo kwa mwezi, na hukua vilevile chini ya msuko uliokazwa na chini ya msuko uliolegezwa. Tena pwani kukaza kuna hatari ya ziada. Saluni nyingi siku hizi zina kiyoyozi, na kiyoyozi hukausha hewa. Nywele zinasukwa humo zikiwa kavu na nyembamba. Mteja akitoka nje zinaanza kuvuta unyevu na kunenepa ndani ya msuko uleule, na msuko uliokuwa umekaza sasa unakaza zaidi. Ukiona vipele kwenye paji kesho yake, au ikibidi unywe Panadol ndipo upate usingizi, msuko huo ufumuliwe. Kusubiri eti utalegea wenyewe ni kuuza nywele za mbele kwa bei ya rasta.

Ugonjwa wa nywele kung'oka kwa kuvutwa ulielezwa na daktari mmoja, Trebitsch, mwaka 1907. Aliwakuta nao wanawake wa Greenland, kwenye barafu huko, waliokuwa na desturi ya kuzivuta nywele na kuzibana juu. Karne moja baadaye, mwaka 2007, watafiti wa Afrika Kusini akiwemo daktari Nonhlanhla Khumalo waliripoti kwamba karibu theluthi ya wanawake waliowachunguza walikuwa na dalili zake. Wanawake wa makamo wa mitaani kwetu ambao mtandio hautoki kichwani hata wakiwa chumbani hawahitaji kusomewa ripoti hiyo.

Ndiyo sababu kwa pwani ninaipendekeza rasta ile wanayoiita notlesi. Msuko huanza kwa nywele zako peke yake, na nyuzi za pakiti huongezwa kidogokidogo kadiri mkono unavyoshuka. Uzito hauning'inii kwenye fundo moja, na mzizi ukilowa haukai na donge la kuficha maji. Inachukua muda mrefu zaidi na bei yake iko juu. Asiyeweza bei hiyo aombe rasta za kawaida, chache, zisizozidi mabega, zenye unene wa penseli. Ndefu hadi kiunoni zinapendeza kwenye picha, lakini zikilowa zinamvuta mtu shingo.

Na hapo kwenye kulowa ndipo palipo na tatizo kubwa la pwani, kubwa kuliko kutibuka. Nywele hazikauki. Hewa iliyobeba asilimia 90 ya unyevu inaoweza kuubeba haina nafasi ya kupokea maji ya kichwa chako. Rasta nene zilizooshwa saa mbili usiku wa Aprili zinaweza kuamka asubuhi zikiwa bado mbichi katikati, ingawa juu ukizigusa unaona zimekauka. Weka hapo joto la kichwa, giza la msuko na mtandio juu yake, umewaandalia fangasi makazi. Mba inazidi, ngozi inawasha, na harufu ya ukungu inaanza kusikika kwa aliyekaa nyuma yako kwenye daladala kabla hujaisikia mwenyewe. Wivingi ni mbaya zaidi, kwa sababu nywele zako zimelazwa chini ya tabaka la nyingine zilizoshonewa, na hakuna upepo unaofika. Dread nene nazo zina moyo usioona jua. Unene wa dole gumba unafaa Mbeya. Kwa Mombasa dread ziwe nyembamba, na mwenye nazo awe na nafasi ya kukaa juani.

Kwa hiyo osha asubuhi, siku yenye jua, siku ambayo huna haraka. Kamua kwa mikono kwanza, fungu kwa fungu, kisha funga kichwa kwa kanga kuukuu. Kanga mpya bado ina ukakasi wa kiwandani na hainywi maji vizuri. Badilisha kanga ikilowa, funga nyingine. Ukiwa na uwezo wa kukaa chini ya draya ya saluni, kaa mpaka uhisi ngozi yenyewe imekauka, usiridhike na ncha. Wanaovaa ushungi wasiufunge juu ya nywele mbichi hata kama wanachelewa kazini. Bora kutoka na nywele ambazo hazikuoshwa. Wanawake wa Unguja na Mombasa wana desturi ya kufukiza nywele kwa udi baada ya kuosha, chetezo chini, nywele zikitandazwa juu yake na kufunikwa kwa kanga ili moshi usipotee. Watu husifia harufu. Mimi nasifia pia lile joto kavu la makaa linalopanda na moshi, ambalo humaliza ubichi uliobaki mizizini.

Turudi kwa wale ambao, pamoja na yote haya, wanataka nywele zilale. Wapo, na wana haki yao. Wajue kwanza kwamba moto wa aina moja haulingani na mwingine. Nywele zilizowekewa rola zikiwa zimelowa, kisha zikakaushwa chini ya draya, hushika umbo muda mrefu kuliko zilizopindwa kwa pasi zikiwa kavu, kwa sababu maji yalikuwa yamefungua vifungo vingi zaidi na vyote vikajifunga upya kwa pamoja. Ila lazima zikauke hadi ndani, na rola zisitolewe mpaka nywele zipoe. Saluni yenye foleni ndefu huziondoa zikiwa za moto bado, na hapo pesa ya mteja imekwenda na mvuke.

Dawa ni habari nyingine. Dawa kali za kulainisha nywele, zile zenye sodiamu haidroksaidi na ndugu zake, zinavunja vifungo vya salfa vyenyewe, na vikishavunjwa havirudi. Ndiyo maana nywele za dawa hazijikunji kwa unyevu. Lakini zinazoota hazina dawa. Baada ya wiki sita mtu wa pwani ana kichwa chenye tabia mbili, mizizi inayovimba na ncha zilizolala kama majani yaliyokosa maji, na kila unyevu ukipanda mpaka kati yake unaonekana waziwazi. Hapo ndipo mtu anapokimbilia retachi kabla ya wakati, dawa inagusa sehemu iliyokwisha dawa, na nywele zinakatika. Tena utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2022, uliofuatilia zaidi ya wanawake 33,000, ulikuta kwamba waliotumia dawa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walipata saratani ya mfuko wa uzazi kwa kiwango kinachozidi mara mbili ya wasiotumia. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba dawa ndiyo iliyosababisha, ila unatosha kumfanya mtu asiweke retachi kwa sababu ya mvua.

Zile huduma zinazoitwa za keratini zinaahidi nywele zisizojali unyevu kwa miezi kadhaa, na mara nyingi ahadi inatimia. Uliza kilichomo. Nyingi zikipashwa kwa pasi hutoa formaldehaidi, kemikali ileile ya kuhifadhia maiti, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka katika orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu. Saluni ya Dar iliyofunga madirisha ili kiyoyozi kifanye kazi ni mahali pabaya pa kuivuta. Mteja anaivuta mara moja. Binti anayeishika pasi anaivuta kutwa.

Wigi lina historia yake hapa. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 wigi likawa miongoni mwa vitu vilivyopigwa marufuku, pamoja na sketi fupi, suruali za kubana na dawa za kuchubua ngozi. Sababu zilikuwa za utamaduni wa taifa. Hakuna aliyetaja joto, ingawa mtu aliyewahi kuvaa wigi kwenye foleni ya Ubungo saa nane mchana angeweza kuiunga mkono operesheni hiyo kwa sababu zake binafsi. Kwa anayelivaa leo kuna jambo la kushangaza kidogo: wigi la bei rahisi la nyuzi za kiwandani linaimudu masika kuliko lile la nywele za mtu la mamilioni. Nywele za mtu ni keratini, zinakunywa maji ziwe kichwani kwako au kwenye wavu wa wigi, na zikipigwa pasi asubuhi zitatibuka mchana. Gundi ya mbele nayo huyeyushwa na jasho. Wigi la kufunga kwa mkanda au kwa vitana vya ndani linaaminika zaidi, na likivuliwa jioni lianikwe, lisirudishwe kwenye mfuko likiwa na unyevu.

Kuhusu vya kupaka nitasema machache. Gliserini ni nzuri Dodoma na ni adui Dar. Kazi yake ni kuvuta maji kutoka hewani, na hewa ya pwani inayo ya kumpa kila mtu. Ukiikuta karibu na mwanzo wa orodha ya viambato, isubiri safari ya bara. Jeli za kulaza nywele za mbele zitazame kwa herufi: yenye PVP peke yake hunyonya unyevu, ikalainika, ikanata, kisha ukiingia kwenye kiyoyozi inakauka na kubanduka vipande vyeupe watu wakidhani ni mba. Yenye VP/VA inastahimili zaidi, kwa kuwa ilitengenezwa ili kupunguza udhaifu huohuo. Mafuta ya nazi bibi zetu hawakuyachagua kwa kukosa mengine. Watafiti wa India, Rele na Mohile, walionyesha mwaka 2003 kwamba mafuta hayo hupenya ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha, jambo ambalo mafuta ya madini na ya alizeti waliyoyalinganisha nayo hayakulifanya. Yapakwe kabla ya kuosha, usiku wa kuamkia siku hiyo. Yakipakwa juu ya rasta kila asubuhi yanakusanya vumbi la barabara na kufanya kichwa kinate.

Kunyoa sihitaji kukueleza. Kichwa kilichonyolewa chini, cha mwanamume au cha mwanamke, hakina cha kutibuka, kinakauka kwa kanga moja, na mtu anaweza kuoga baharini Jumapili na kwenda ofisini Jumatatu bila kupita saluni. Hatari yake ni mapunye kutoka kwa mashine ya kinyozi isiyosafishwa, basi.

Kuna pia kinga ya barabarani. Kwa miaka mingi mwanamke aliyetoka saluni mvua ikinyesha alivaa mfuko wa rambo kichwani, akafunga mishikio yake nyuma ya shingo, akapanda daladala bila haya yoyote, na hakuna aliyemcheka. Juni 2019 mifuko hiyo ilipigwa marufuku Tanzania Bara. Waliobaki na akili ya haraka walihamia kwenye kofia za plastiki za kuogea, ambazo kwa kweli zinafaa zaidi kwa kuwa hazipai na upepo. Ila ivuliwe mara tu unapofika. Chini yake kichwa kinatoa jasho, na dakika 20 za kofia ya plastiki kwenye foleni ya Mwenge zinatosha kuharibu seti ambayo mvua yenyewe isingeiharibu.

Nimalizie na bibi harusi, kwa sababu ndiye anayepata hasara kubwa. Shughuli nyingi za pwani huangukia kwenye joto. Saluni inamkalisha asubuhi, anapindwa mawimbi kwa pasi, anapuliziwa spreyi, na kufika saa kumi jioni mawimbi yamekuwa ukungu unaoelea pembeni mwa taji. Ashauriwe hivi. Msingi usukwe: twende kilioni nyembamba zinazokusanyika nyuma, au msuko mmoja uliozungushwa na kushonwa kwa sindano na uzi, ndipo maua na taji vishikizwe juu ya msuko huo. Vikuba vya asumini vinakaa vizuri hapo kuliko kwenye nywele zilizoachiwa, na unyevu ndio unaovifanya visinyauke upesi. Akitaka mawimbi lazima, yawe ya nyuzi za pakiti zilizochovywa kwenye maji ya moto, zikashonewa nyuma, na nywele zake mwenyewe zibaki zimefungwa. Picha za ufukweni zipigwe kwanza, ukumbi wenye kiyoyozi ufuate. Na mtindo ujaribiwe wiki mbili kabla, siku ya mvua ikiwezekana, naye akishatengenezwa asirudi nyumbani kwa gari. Atembee nao hadi sokoni, anunue nazi na bamia, apande bajaji kurudi, ndipo ajitazame kwenye kioo.